Mtikisiko wa Gari la Mkunga

Mafundi wenzake walimwita Mizani, na jina hilo hawakumbandika kwa utani. Kwa miaka thelathini alikuwa akishika usukani kwa viganja viwili, anaendesha mpaka kwenye kiwanda cha matofali na kurudi, kisha anataja gurudumu ambalo halijakaa sawa. Binti yake, aliyefundishwa naye kazi hiyo tangu utotoni, alinunua mashine ya kupimia magurudumu. Ikabaki pembeni, imefunikwa turubai. Mizani alisema mashine haina mikono, na binti hakuwa na ubavu wa kumbishia baba yake.

Asubuhi hiyo mkunga alirudi. Jana tu Mizani alimbadilishia tairi zote nne, na sasa gari lilikuwa likitikisika kila akiongeza mwendo na kumrusha kwenye kila shimo. Alieleza kwa upole, maana alimheshimu mzee, ila saa sita alikuwa na mjamzito wa kumwahisha hospitali.

Mizani alilijaribu, akarudi uso umekunjamana. La mbele kushoto, akasema. Binti akapiga jeki, akafungua, na palepale akaiona kazi ya jana. Kutu haikusuguliwa pale rimu inapokalia, upepo ulijazwa kupita kiasi, na nati mbili zilikuwa zimelegea. Yeye angefanya hivyo akiwa na miaka kumi na miwili, angefinywa sikio mpaka liwake moto. Akasugua kutu, akapunguza upepo, akakaza nati zote, kisha akayakagua na yale matatu mengine.

Mzee akalijaribu tena. Bado, akasema.

Binti akaondoa turubai, akayapima magurudumu yote kwenye mashine. Hayakuwa na kasoro. Akayafunga, akaliendesha mwenyewe mpaka kiwandani, na gari likaenda limetulia. Aliporudi alimkuta baba ameshashika spana, anataka kulifungua gurudumu lile mara ya tatu, na mkunga anatazama saa.

Akazima gari, akashuka. "Kaa ndani, baba. Nionyeshe."

Mizani akaketi, akaushika usukani. "Huu hapa, mwanangu, unatikisika. Wewe huusikii?"

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na binti ufa huo aliuona zamani: kikombe kikigonga kisahani, vifungo vya shati vikimchelewesha mzee kila asubuhi. Aliukalia kimya kwa kumpenda. Sasa moyo ulimuuma hata akatamani gari liwe bovu kweli.

"Baba," akasema, "gari limezimwa."

Mzee alitazama mahali pa ufunguo. Ufunguo ulikuwa mkononi mwa binti. Taratibu akaiondoa mikono yake kwenye usukani, akaiweka mapajani, mmoja juu ya mwenzake. Haikutulia.

"Na nati za jana?" akauliza.

"Mbili zilikuwa zimelegea."

"Ningeua mtu, mwanangu."

Alishuka, akamwomba mkunga radhi, akamwambia aende bila wasiwasi, kwani gari limetengenezwa na fundi. Mkunga alipoondoka, mzee akaliokota turubai la mashine na kuanza kulikunja. Pembe zilikataa kukutana. Akaanza upya, na tena upya. Binti alisimama mlangoni machozi yakimtoka, lakini hakwenda kumsaidia.