Kozi wa Mnara wa Maji

Mtaa mzima ulimwita Mama Vitambaa, maana nyumbani kwake hakuna kitu kilichokaa wazi. Redio ilikuwa na kitambaa chake, cherehani nayo chake, hata birika. "Siku moja utanifunika na mimi," mumewe alizoea kumtania, wakacheka wote wawili. Siku hizi utani huo ulikuwa umekoma.

Mumewe alikuwa mhesabu ndege. Miaka arobaini, madaftari kumi na moja, na hajaandika hata siku moja ndege asiyeonwa kwa macho. Tangu miguu imkatae, alishinda kwenye kiti cha dirishani, ameelekea mnara wa maji ng'ambo ya barabara, ambako kozi, wale ndege wawindaji, walitaga kila mwaka. Darubini yake ya zamani, nzito kama mchi, ilivunjika siku alipoanguka nayo ngazini. Jicho la kushoto lilikwisha kufa, la kulia lilikuwa linafifia, daktari hakumficha. Basi mzee akaomba kitu kimoja tu: amwone kozi na makinda yake mara moja zaidi, jicho lingalipo.

Mama Vitambaa alizunguka maduka matatu akitafuta darubini mpya. La nne ndilo lililokuwa na muuzaji mwenye subira.

"Chukua hii, mama, inavuta mara sitini. Utahesabu mpaka kope za ndege."

"Nikazihesabu za nini, mwanangu? Mzee wangu kanionya: ukivuta sana, picha inaingia giza na kutetemeka."

Muuzaji akacheka. "Huyo mzee hauziwi mbuzi kwenye gunia."

Akamletea ndogo, urefu wa mkono kutoka kiwiko, nyepesi, shingo yake imepinda juu kidogo ili mtu aliyeketi ainamie tu. Ikabaki kuchagua kipande cha kuchungulia. Kimoja kilizungushwa, kikivuta kidogo au sana. Kingine kilikuwa cha mara ishirini tu, basi. Mama Vitambaa akatoa mkobani miwani ya akiba ya mumewe, maana mzee angechungulia akiwa na miwani, akaivaa, akachungulia kibao cha bucha upande wa pili. Katika kile cha kwanza aliona kitundu, kama anayechungulia tundu la ufunguo. Katika cha pili kibao kizima kilimjia, na nzi juu yake.

"Hiki," akasema.

Asubuhi iliyofuata aliisimamisha dirishani kwenye miguu yake mitatu, akaielekeza mnarani kama alivyofundishwa dukani, kisha akaenda kuchemsha chai. Aliporudi mzee alikuwa ameinamia.

"Unawaona?"

"Nawaona! Wawili, weupe kama pamba. Mama yao anawanyofolea nyama."

Mama Vitambaa alitamani kupiga vigelegele. Lakini daftari lilikuwa mapajani mwa mzee, limefungwa, na kalamu iko mfukoni. Akazunguka mbele ya darubini afute vumbi. Kifuniko cheusi kilikuwa bado kwenye kioo. Mwenyewe alikuwa amekirudisha alipokwenda jikoni, kwa mazoea ya mikono yake.

Akakibandua taratibu, lakini kikalia.

"Nini hicho?"

"Kifuniko, baba. Nilikisahau."

Mzee akainua kichwa. "Nikadhani ni jicho."

"Sasa mbona ulisema unawaona?"

"Umezunguka maduka manne, mke wangu."

Akainama tena upesi upesi, kama mtoto aliyeitwa kula. Akashika kiti kwa mkono mmoja. Gari likapita barabarani, likapita la pili. Chai ikapoa mezani.

"Bado," akasema hatimaye. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, hakujaribu tena. "Angalia wewe."

Miaka arobaini Mama Vitambaa hakuwahi kuchungulia ndege. Yeye na ndege walikuwa kama wake wenza. Akainama. Kozi alikuwa pale, kifua kina mistari, jicho kama shanga iliyolowa, karibu mno hata akashtuka. Chini yake kulikuwa na kinda. Akatafuta wa pili kila pembe.

Aliponyanyua kichwa, daftari lilikuwa wazi na mzee ameshika kalamu, anamngoja. Neno "wawili" lilikuwa limemfika mkewe ulimini.

"Kinda mmoja," akasema.

"Mmoja tu?"

"Mmoja, baba. Na mama yake."

Mzee akaanza kuandika, na maandishi yakapanda juu ya mstari ulioandikwa zamani. Mama Vitambaa akamshika kifundo cha mkono, akaushusha hadi kwenye mstari mtupu.