Chozi la Kuazima

Mkasi alikuwa na sheria moja kazini, na aliipigia kelele mpaka majirani wakaijua: kazi ikiwa mezani, programu haisasishwi. Kompyuta ilipomtolea kile kidirisha cha kumwuliza kama anataka toleo jipya, alibonyeza "Baadaye" huku akisonya. Dada yake mdogo, aliyekaa chumba cha mbele akipiga watu picha za pasipoti, aliwahi kukubali sasisho kwenye kamera ya studio bila kuuliza, na maskini ya Mungu alisimangwa mpaka akakonda. Sasa jamani, huyu huyu Mkasi, bingwa wa "Baadaye", ndiye aliyekuja kubonyeza "Kubali" katikati ya video ya harusi ya watu. Na alibonyeza kwa sababu ya chozi.

Ilikuwa hivi. Baba wa bibi harusi alitoa hotuba ndefu ukumbini, na binti yake ameketi nyuma yake. Kamera ya pili ilimwangalia binti tangu mwanzo hadi mwisho. Mtoto wa kike, badala ya kulia kama mabibi harusi wenzake, alikuwa anacheka mpaka shela inatikisika. Mkasi aliitazama picha hiyo mara moja, akasema, "Hapana, hii itamwaibisha mzee," akaikata, kisha akaenda kuazima chozi. Wahariri wa harusi wote wanafanya hivyo, na atakayekukatalia anakudanganya. Unachukua pale bibi harusi alipolia kweli, jioni akiagana na shangazi zake uani, unalipachika chozi hilo juu ya hotuba ya baba, na kila atakayetazama ataapa kwamba mtoto alilizwa na maneno ya mzazi wake. Kicheko kilichosikika chini ya hotuba alikizima kwa kichujio cha sauti. Ikabaki rangi tu. Uani mwanga ulikuwa wa njano, ukumbini taa nyeupe, na lile chozi lilionekana kabisa kwamba si la pale. Toleo jipya lilijinadi kwamba linalinganisha rangi lenyewe, kufumba na kufumbua. Tamaa ikamwingia, akabonyeza.

Tangu siku hiyo hana mbele wala nyuma. Programu mpya iliifungua kazi yake, ikaihifadhi kwa mtindo wake mpya, kisha ikamwambia kwa adabu zote kwamba picha za kamera za zamani kama yake haizisomi tena. Skrini ikawa nyeusi tii, sauti peke yake ikabaki. Akakimbilia programu ya zamani, nayo ikagoma kufungua kazi iliyokwisha kuguswa na mpya. Akasema basi, ataanza upya kabisa. Mfumo wa kompyuta, ambao nao ulijisasisha humo humo bila kuombwa na mtu, ukamjibu kwamba programu hiyo ya zamani haitambui. Akasikia kwamba kadi mpya ya picha, ya kuchomeka ndani ya kompyuta, ingesaidia, akaazima moja. Kadi ikawa ndefu kuliko kisanduku cha kompyuta. Alipoilazimisha ikaingia, umeme wa kisanduku haukuitosha, na kompyuta ikazimika puu, chumba kikanuka plastiki. Akairudisha kadi ya zamani, kompyuta ikawaka, na skrini ni nyeusi vile vile. Fundi mwenzake aliyekuwa na mashine ya zamani isiyoguswa alikuwa amesafiri, na chumba amekifunga kwa kufuli.

"Si ungebonyeza Baadaye, kaka?" dada yake alimwambia kutoka mlangoni, na hakucheka hata kidogo, jambo lililomuuma zaidi.

Kila mara mama wa bibi harusi alipopiga simu, Mkasi alimwambia, "Bado inapikwa, mama," maana ndivyo wenyewe wanavyosema mashine inapounganisha vipande viwe video moja. Mwanzoni mama alitania. "Mwanangu, hata maharage makavu yangekuwa yameshaiva." Baadaye hakutania tena. Alimweleza kwamba mumewe ana presha ya macho, na kwamba sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na hilo bomba linazidi kuwa jembamba. Daktari amesema kinachokwenda hakirudi. Binti na mumewe wamekwenda kuishi mbali. Mzee anataka kuiona hotuba ile tu, kwa sababu alipokuwa akiitoa mwanawe alikuwa nyuma yake, na uso wake hakuuona. "Kabla macho hayajafunga kabisa, mwanangu. Hilo tu."

Ungekuwa wewe, ungemwambia ukweli siku hiyo hiyo. Mkasi alisema, "Inakaribia kuiva, mama." Akakata simu akashika tama mbele ya skrini nyeusi. Uongo wenyewe ulikuwa umemkaba, maana kila akitaka kuuacha anakumbuka alivyoushikilia jana yake.

Basi mchana mmoja akasikia sauti za mama na mzee chumba cha mbele, na kabla hajapata pa kujificha dada yake akafungua mlango. Chumba cha kuhariria hakikuwa na dirisha, kuta zimetundikwa mablanketi ya kuzuia kelele, na mlango ulifunguka tu benchi la wageni likiwa tupu na limesukumwa ukutani. Wageni wakiketi, mlango haufunguki. Wageni wakaketi. Mkasi akajikuta kabanwa kati ya magoti ya watu na meza yake mwenyewe, na feni inampulizia joto lile lile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu," mzee akajibu kwa furaha. "Uko wapi?"

Mkasi alikuwa mbele yake, goti kwa goti. Akamtazama mama. Mama akatikisa kichwa polepole, kisha akapitisha kiganja mbele ya macho yake mwenyewe, kama mtu anayefunga pazia.

Alitamani ardhi ipasuke. Wiki zote zile alikuwa akijipa moyo kwamba bado kuna muda, kumbe muda wenyewe umekwisha naye anaendelea kupika hewa.

"Tuwekee tu, mwanangu," mama akasema. "Hata kama haijakamilika."

"Mama, ile picha..."

Hakumaliza, akabonyeza, na sauti za ukumbi zikatoka kwenye spika. Mama akaitazama skrini. Ilikuwa nyeusi, na mstari mdogo chini ukitembea. Akaelewa. Mkasi aliona uso ukimbadilika, akajiandaa kwa matusi, na matusi alikuwa anastahili. Lakini mama akaweka kidole mdomoni, akamshika mumewe mkono.

"Ahaa! Ona rangi hizo, baba," akasema. "Anaingia sasa. Gauni limejaa mlango mzima. Shangazi mtu amemshikia mkia wa gauni, mwenyewe anajikwaa."

"Alikuwa na viatu vya kuazima huyo," mzee akasema, akacheka.

Mama akaendelea hivyo hivyo, sauti ikimpa nafasi, naye anajaza. Ngoma ikisikika anasema nani anacheza na kiuno chake kimekaaje. Mkasi alikodoa macho kwenye weusi ule, kwa sababu alijua kinachofuata. Ikaanza hotuba. Mzee akamwinulia mkewe mkono anyamaze.

"Hapa. Hapa sasa. Mwanetu anafanya nini?"

Mama hakujua. Wakati wa hotuba alikuwa getini akiwapokea wakwe waliochelewa. Akamgeukia Mkasi na macho ya kuomba.

"Analia, mzee," Mkasi akasema. "Anakutazama, anafuta machozi."

Hapo hapo, kutoka kwenye spika, likapasuka cheko. Toleo jipya lilikuwa limevitupa vichujio vyake vyote vya sauti, na yeye, kwa kuhangaikia picha, hakuwahi kukaa akasikiliza.

Mzee akainua kichwa. "Na huyo anayecheka?"

"Huyo ni... mgeni tu, mzee."

"Mgeni! Mgeni gani anamalizia kicheko kwa kukoroma kama marehemu mama yangu? Huyo ni mwanangu." Akaangua kicheko mwenyewe, na machozi yakamtoka kwenye yale macho. "Mke wangu, alicheka! Umesikia? Alikuwa mtoto wa kulia yule, ukienda dukani tu analia. Nikajiapiza siku ya kuondoka kwake halii. Vichekesho vile nilivitunga usiku na mchana. Ukumbi mzima ukacheka, lakini yeye yuko nyuma yangu, nitajuaje? Nilitaka nimwone kama anacheka." Kisha uso ukamtulia. "Kwa nini umesema analia?"

Mkasi akautazama mlango. Benchi limeuziba, na juu ya benchi wameketi watu wazima wawili wanaomsubiri.

"Kwa sababu nilimliza mimi, mzee. Nilichukua alipolia jioni nikaweka hapo. Niliona kucheka ni aibu. Na picha hakuna, mzee. Kioo ni cheusi tangu mwanzo, mama anakusimulia tu. Niliharibu mashine nikitafuta rangi ya lile chozi."

Mama akainamisha kichwa. Mzee akampapasa mkewe begani, akambana kidogo.

"Alikuwa anachekaje?" akauliza. "Ana namna mbili. Ya kuziba mdomo, na ile ya kurusha kichwa nyuma, ambayo anaifanya akiwa na raha kwelikweli. Ilikuwa ipi?"

Mkasi akafikiri. Hata kwa kuamshwa usiku wa manane angeweza kukutajia kila pindo la kitambaa kilichofuta lile chozi. Cheko aliliona mara moja, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe cha kukata.

"Sijui, mzee," akasema. "Sikuangalia."

"Haya." Mzee akapapasa, akalipata goti la Mkasi. "Siku mashine itakapokubali, njoo nyumbani. Utaona wewe, mimi utanisimulia. Usiniongezee kitu."

"Sawa, mzee."

"Sasa rudisha nyuma hapo alipocheka."

Mkasi akarudisha nyuma.