Shahidi Mwenye Mkia

Hasira ya Jovitha ilianzia kwenye soketi ya umeme. Siku ya pili ya msiba aliingia chumba cha marehemu mumewe kuchukua shuka, akakuta waya wa kisanduku cha mjusi umechomolewa na mahali pake umechomekwa waya wa spika. Spika ya nani? Ya Avit, shemeji yake, aliyekuja nayo kutoka Bukoba mjini ili nyimbo za msiba zisikike mpaka barabarani. Kisanduku chenyewe kilikuwa kimesukumwa stoo, sakafuni, pale panapovuja.

"Shemeji, yule mnyama anaishi kwa joto," Jovitha alimwambia.

"Tumefiwa, mwanamke, wewe unawaza mijusi?" Avit akamjibu, akatoka nje kuongeza sauti.

Jovitha akachukua shuka zake. Mfiwa hagombani jeneza likiwa sebuleni. Lakini neno lile hakulisahau.

Mjusi mwenyewe aliitwa Kanzu. Mumewe Protase, mwalimu wa baiolojia, alipewa na rafiki yake aliyekuwa akiwafuga Dar es Salaam. Ni wa aina inayoitwa mjusi chui, ila huyu alizaliwa albino: hana doa jeusi hata moja, macho mekundu, ngozi nyeupe yenye njano ya mbali. Kwa kuwa Kamachumu ni baridi, Protase alimtandikia kipande cha blanketi la umeme chini ya kioo.

"Huyu ukimpoza au ukimtisha, anakuwa kahawia," alimwambia mkewe. "Ukimpa joto na utulivu, weupe unarudi."

"Basi ni kama mimi," Jovitha alimjibu, wakacheka wote wawili.

Sasa aliyekuwa akicheka naye alikuwa ndani ya sanduku, presha imemchukua ghafla, na Kanzu yuko stoo anapigwa na baridi. Kila aliyekuja kuhani alipitia huko kuchungulia, na kila aliyechungulia aligonga kioo. Siku ya maziko mjusi alikuwa na rangi ya chai iliyolala.

Avit akambeba na kisanduku chake mpaka kwenye moto wa wanaume. "Mnaona, jamani? Bwana wake akiwa hai, mweupe. Bwana wake amekufa, amekuwa mweusi. Huyu mnyama anamjua aliyemuua kaka yangu, na anaishi naye nyumba moja."

Haya, maneno kama hayo yanahitaji pikipiki? Kufika jioni yalikuwa yameshazunguka Kamachumu nzima. Wanawake waliokuwa wakimsaidia Jovitha kumenya ndizi wakaanza kunawa mikono mapema na kukumbuka watoto wao nyumbani.

Lakini Avit hakuwa na uchungu wa kaka. Alikuwa na uchungu wa kibanja, shamba la urithi: migomba ile, kahawa ile, kaburi la baba yao katikati. Jovitha alikuwa na watoto wawili wa kike, wa kiume hakuna. Mjane mwenye mabinti ana la kusema mbele ya ukoo. Mjane mchawi hana. Anafungiwa mizigo, na kibanja kinarudi kwa ndugu.

Wageni walipotawanyika, Jovitha alimhamishia Kanzu chumbani kwake, akachomeka waya, akafunga mlango. Siku ya kuondoa matanga, ukoo ulipokaa chini ya turubai, alitoka amempakata ndani ya kitenge. Mweupe kama zamani.

"Ta Ildefons, waitu," alimwambia mkuu wa ukoo kwa heshima, "mtazameni. Alikuwa anasikia baridi na woga. Mlichomoa waya wake. Nimemrudishia joto, na yeye amerudi."

Mzee Ildefons akasogea kutazama. Mashangazi wawili wakatikisa vichwa kukubali. Avit akasimama, chupa ya bia baridi mkononi.

"Si nilisema! Juzi mweusi, leo mweupe! Amemroga upya mbele ya macho yenu! Mchawi gani mwingine mnamtafuta?"

Na vichwa vile vile vikatikisika tena, safari hii kwa Avit.

Mawe, mama wee! Jovitha aliona giza. "Kumbe akiwa mweusi nimeua, akiwa mweupe nimeroga! Angekuwa wa kijani ungesema nini? Sema unataka kibanja, Avit! Sema kibanja, umwache mjusi!"

Ma Magdalena, mama mkwe, hakuwa ametamka neno tangu maziko. "Avit mwanangu," alisema, "ndizi za pombe tunazifukia shimoni zikiwa za kijani, joto linazitoa za njano. Umekunywa pombe yake tangu ukiwa mdogo. Zile alikuwa anaziroga nani?"

Watu wakacheka. Avit hakucheka. "Mama, ndizi haimjui muuaji. Mjusi anamjua."

"Sawa," Jovitha akasema, akimsogezea mjusi. "Basi mshike wewe. Mikono yako si safi?"

Angekataaje mbele ya ukoo mzima? Akaweka chupa chini, akapokea mjusi kwa mikono iliyolowa ubaridi. Tena Avit alikuwa mwoga wa mijusi, watu hawakujua. Alimbana kama mtu aliyeshika nyoka. Mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha, upepo unapita kwenye migomba, na watu wamemzunguka wanasukumana waone.

"Kaa naye hapo hapo," Mzee Ildefons akaamuru. "Sisi tunakula."

Wakala. Sahani zilipokuwa zikikusanywa, shangazi mmoja akapiga yowe. Mkia umekuwa kahawia. Mgongo nao. Aliyekaa kando ya Avit akavuta kigoda chake pembeni, na wa pili akafuata.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. "Si mimi!" Avit akapaza sauti. "Ta Ildefons, ni baridi! Mikono yangu ina baridi, na nyinyi mnamtisha kwa kumzingira!"

"Rudia," Jovitha akamwambia.

"Ni baridi," akasema Avit, macho chini. "Ni baridi na woga tu."

Mzee Ildefons alinawa mikono taratibu. "Mmemsikia wenyewe. Kibanja ni cha Jovitha na watoto wake. Na wewe Avit, chukua spika yako."

Jovitha alimpokonya Avit mjusi wake, akaingia ndani bila kumshukuru mtu. Wamshukuru wao kwa kutowatukana. Alichomeka waya, akamlaza mjusi kwenye joto lake. "Nisamehe," akamwambia. "Na wewe nimekutesa."

Akakaa sakafuni kando ya kioo. Tangu Protase afe alikuwa akijitetea tu, asubuhi mpaka jioni, na hakuwa amepata hata nafasi ya kumlilia mumewe. Akaanza kulia.