Tiki ya Nkwimba

Niliota usiku wa jana kwamba nimepata mia kwa mia kwenye ukaguzi wa hospitali, na waliokuja kunipongeza ni fomu zenyewe za kupima ubora wa upasuaji. Zimekaa kwenye viti vya wagonjwa, zimekunja nne, zinanywa chai.

Mwenyekiti ni rula ya chumba cha upasuaji, ile ninayopimia ngozi ya pembeni ya saratani kabla sijakata. Ikaniamuru nisimame milimita nne kutoka kwa kila fomu. Nikasimama. Kanuni ni kanuni.

Ikaanza kusoma. Kidonda kimepona bila usaha: tiki. Mgonjwa ameambiwa majibu ya maabara ndani ya siku kumi na nne: tiki. Hapo hiyo tiki ya pili ikashuka kwenye karatasi, ikachechemea hadi mbele, ikaomba radhi kwamba haijisikii vizuri.

"Mimi ni ya Nkwimba Maduhu," ikasema. "Nilitiwa kabla hajaambiwa."

Ewe Mola wangu, niliijua. Nkwimba ni mkulima wa choroko, mwenye ualbino, nilimkata uvimbe shingoni mwezi wa tatu. Majibu yakarudi kwamba saratani imebaki ukingoni mwa nilipokata, akatwe tena upesi. Kesho yake wakaguzi walikuwa wanakuja. Nikatia tiki kwanza, nikasema nitampigia baadaye, na baadaye ikawa miezi miwili. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ila tumbo lenyewe halikuwa langu.

Nikajitetea kwamba foleni ilikuwa ndefu. Rula ikauliza ndefu kiasi gani, ikatoka kwenda kuipima.

Nageuka, wodi ni shamba la choroko. Jua la saa saba. Nkwimba anapalilia, na fomu zote zimejipanga juu ya kichwa chake zimtilie kivuli. Hazitoshi.

"Daktari," anasema bila kuinuka, "kumbe majibu yalitoka?"

"Yalitoka, mama. Saratani imebaki. Inabidi urudi tukate tena."

"Sasa aliambiwa nani?"

"Fomu," nasema. Naona aibu.

Anaendelea kupalilia.

Nikaamka kumekucha, simu iko sikioni, imepata moto. Naitazama: inaonyesha nimempigia Nkwimba usingizini, tumezungumza dakika kumi na moja. Chini yake kuna ujumbe wake umeingia sasa hivi:

"Nipo kwenye basi nakuja, daktari. Umeota uvimbe mwingine, nilidhani ni kovu tu. Ila mbona fomu iliambiwa kabla yangu?"