Maji ya Chumba cha Uani

Mama yao alipokwisha kuzikwa, Munsif alihamia nyumba ya urithi huko Sfax pamoja na mkewe, Raudha. Dalenda, dada yake mkubwa aliyemuuguza marehemu mpaka pumzi ya mwisho, akajikuta mgeni katika nyumba aliyozaliwa. Walimwachia chumba cha uani. Masufuria yakahamishwa, mapazia yakabadilishwa, hata kahawa ikawa inapikwa na sukari tele, kama alivyopenda Raudha.

Jumapili moja Dalenda alirudi kutoka soko la wanyama amekumbatia tangi dogo la kioo. Maisha yake yote hakuwahi kufuga hata kuku. Muuzaji, mzee mmoja aitwaye Khemais, alikuwa amekataa kumuuzia samaki.

"Ukiwatia leo, kesho utawazika," alimwambia. "Maji mabichi yanaua, binti yangu. Uchafu wa samaki ni sumu. Wapo vijidudu wema wanaoila sumu hiyo, ila bado hawajazaliwa. Tia chembe za chakula, ziache zioze, usubiri. Watafanya makao kwenye sifongo ya kichujio cha tangi. Na sifongo hiyo usije ukaiosha kwa maji ya bomba! Ile dawa ya bombani itawamaliza."

Basi Dalenda akawa anatia chembe za chakula katika tangi tupu, na kupima maji kwa matone ya dawa aliyopewa. Yakigeuka kijani, sumu ingalimo.

Raudha aliona kichekesho. Majirani walipokuja kunywa kahawa aliwaita mlangoni.

"Njooni mumwone wifi yangu! Watu wanafuga samaki majini, yeye anafuga majini wenyewe. Anawalisha, hawaonekani!"

Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Dalenda naye akacheka kidogo, kisha akafunga mlango.

Majira yakabadilika. Asubuhi moja aliteka maji kidogo kwa kichupa, akayatia matone, akatikisa, na rangi ikabaki manjano. Akapima tena, hakuyaamini macho yake. Mchana huohuo Khemais alimpa samaki wachache, wembamba kama sindano za kufumia, kila mmoja na mstari wa buluu ubavuni. Waliishi. Walikula. Jioni alikaa kitandani akiwatazama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akawa na kitu cha kukirudia chumbani.

Kisha akaalikwa Gabès, harusini kwa binti wa shangazi yake.

"Usiguse chochote, wifi," alimwomba Raudha. "Hata chakula usiwape. Njaa ya siku mbili tatu haiwaui."

"Niguse nini mimi? Nenda ukale harusi."

Aliporudi, harufu ya dawa ya kung'arishia nguo ilimpokea mlangoni. Chumba kilikuwa kimepigwa deki na tangi liling'aa kama bibi harusi. Samaki walikuwa juu kabisa, midomo wazi, wakitweta. Alitia matone: kijani kibichi. Alibadilisha maji, akabadilisha tena, akashinda amepiga magoti. Mmoja mmoja wakapinduka matumbo juu.

"Nakufanyia hisani unaninunia?" Raudha alisema. "Ile sifongo ilikuwa na utelezi kama pua ya mtoto mwenye mafua. Nimeitia dawa mpaka imekuwa nyeupe!"

"Utelezi ule ndio uliokuwa uhai wao."

"Haya, sasa uchafu ndio uhai! Munsif, msikie dada yako."

Munsif aliweka kikombe chini. "Dada, visamaki tu. Nitakununulia wengine."

"Na chumba changu kiliwakosea nini hata kisafishwe nisipokuwepo?"

Mume na mke wakatazamana. Munsif akakohoa.

"Mama yake Raudha hajiwezi tena. Tulimleta akione chumba. Kitanda chake kitakaa pale penye tangi." Alitabasamu kama anayetoa zawadi. "Na wewe, mashallah, una mkono wa wagonjwa. Hakuna anayekufikia."



"Sitaki," Dalenda alisema.

"Hutaki nini?"

"Sitaki kumuuguza mtu mwingine. Nimechoka, Munsif."

Munsif akampapasa bega. "Kalale, dada. Ni uchovu wa safari."

Ijumaa bibi kizee aliletwa, na magodoro yake, na dawa zake. Tangi lilikuwa limekwisha kupelekwa darini. Dalenda aliketi kwenye kitanda chake, mikono mapajani, amejiapiza kutoinuka. Raudha alimfunika mama yake, akambusu, akaenda zake jikoni.

"Maji," bibi kizee akasema.

Dalenda hakugeuka.

"Mwanangu, naomba maji." Sauti ilikuwa ikitetemeka, na haikuwa na kosa lolote.

Huko jikoni Raudha alikuwa akiimba. Dalenda akainuka, akaenda kuchukua kikombe.