Igoki Hayupo

"Kompyuta inasema haimjui Igoki," Winrose, karani wa mizani, alisema kwa mara nyingine. "Hebu angalia tena, Muchangi. Igoki ni nani kwani?"

Muchangi hakuhitaji kuangalia. Yeye ndiye aliyemfuta.

Nje, wafugaji walikuwa wamepanga mitungi kutoka mlango wa kituo cha maziwa hadi kwenye barabara ya Runyenjes. Kompyuta ikigoma mizani nayo hugoma, na bila mizani hakuna maziwa yanayoingia kwenye tangi la baridi. Jua lilikuwa limeshaanza kuwaka.

"Mwalimu Njue, kuja uone mambo yako!" Caroline, mwenyekiti wa chama, alifoka kwenye simu. "Watu watamwaga maziwa hapa!" Akakata, akaja kusimama nyuma ya kiti cha Muchangi. "Huyu mzee na sistimu yake wametuchosha. Leo ndiyo mwisho wake. Hii kazi utashika wewe."

Hapo ndipo angesema. Badala yake akajifanya anasoma kioo. Kurekebisha angeweza, lakini angelazimika kuyafungua mafaili mbele ya Caroline, na mafaili yote yalikuwa yamejaa jina lake yeye Muchangi.

Njue ndiye aliyemfundisha kazi hii, wala hakumdai hata asante. Programu ya kuchota habari kutoka hifadhidata mzee aliiandika peke yake, na kila faili akaliweka chini ya jina moja, kama watoto wa nyumba moja wanavyobeba jina la ukoo. Jina hilo ni Igoki, la mamake. Kwa Waembu, binti wa kwanza hupewa jina la nyanya yake, mamake baba, lakini Njue alijaliwa wavulana watupu. "Nimekosa wa kumwita mama," aliwahi kumwambia Muchangi huku akicheka, "basi nimeita hii."

Naye Muchangi, akiyajua hayo yote, jana yake alipita faili baada ya faili akimwondoa Igoki na kujiandika yeye. Alitaka tu kazi ionekane ni yake, kiburi kitupu. Akalisahau faili la mizani, ambalo asubuhi hii lilimwita Igoki kama kawaida na kukosa wa kuitika.

Njue alishuka kwenye boda boda, koti limejaa vumbi, na Muchangi akampisha kiti. Alifungua faili moja, halafu lingine. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Hakumtazama Muchangi. Aliinuka, akaenda mlangoni.

"Poleni sana, watu wangu," aliwaambia wafugaji. "Makosa ni yangu. Nivumilieni kidogo."

Muchangi alitamani ardhi immeze. Mzee aliporudi kitini, alimwinamia sikioni. "Mwalimu, niache nimrudishe."

"Mafaili ni mengi, na maziwa yanachacha," Njue alijibu kwa sauti ya chini. "Tupokee kwanza ya watu."

Akalifungua faili la mizani, akaanza kufuta. Herufi za Igoki ziliondoka moja moja chini ya kidole cha mwanawe, na mahali pake akaandika Muchangi. Mizani ikalia. Winrose akapandisha mtungi wa kwanza, na nje watu wakapiga makofi.

"Asante, Mwalimu," Caroline alisema bila kuketi. "Lakini nadhani umefika wakati upumzike."

"Ni mimi," Muchangi alisema.

"Ati?"

"Ni mimi niliharibu, mwenyekiti. Mwalimu hana makosa. Nilitoa jina la mamake nikaweka langu."

Winrose akaacha kupima, mtungi ukabaki mikononi mwake. Caroline alimgeukia Njue, akimngoja aseme neno. Mzee alinyoosha kidole, akakipitisha polepole kwenye kioo, pale palipokuwa na jina la mamake, kana kwamba anapangusa vumbi.