Shamba la Wanza

Je, wewe ungempa fundi kitu ambacho mtoto wako hukiamkia kabla hajanywa uji? Sella alimpa. Aliifunga ile mashine ndogo ya gemu kwa leso, akatoka kwake mtaa wa Lindi kwa miguu mpaka kibanda cha fundi, steji ya Kawangware 46.

Mashine ilitoka kwa mradi unaowapa dawa watoto wenye ule ugonjwa wa damu unaouma hadi kwenye mifupa. Joan wake alipewa wodini, moja ya kushirikiana na rafiki yake Wanza. Gemu za kununua hazishikiki bei, kwa hivyo binamu ya Joan akaitilia programu ya pembeni, na wasichana wakalima shamba humo ndani. Wanza alifariki mwezi wa tatu. Tangu hapo Joan huyamwagilia mahindi ya Wanza kila asubuhi, kwa kidole gumba.

Jana ofisi ya mradi ikatuma ujumbe: mashine zote zikaguliwe leo kabla ya saa kumi. Itakayopatikana imetiwa programu nyingine, mtoto anatolewa kwa orodha ya dawa.

"Mathe, kuweka programu ni rahisi. Kuitoa ndio noma," alisema Kagiri, fundi. "Betri imefura, haishiki chaji. Lazima ikae kwa waya. Stima ikipotea katikati, hii inabaki plastiki."

"Na shamba?"

"Tukimaliza poa, programu inatoka lakini shamba linabaki limehifadhiwa ndani. Mwenye ploti huzima stima saa nane, na saa hii ni saa saba. Tuna time."

Mburu, mwenye ploti, huzima swichi kubwa kila mchana ili wapangaji wasipige pasi. Sella aliketi kwenye debe, macho kwenye kile kistari cha kijani kilichokuwa kikitambaa kwenye kioo. Kilipita nusu. Kikakaribia mwisho. Ndipo harufu ya nguo iliyochomwa kidogo ikatoka chumba cha pili.

"Ni nani huyo anapiga pasi na stima yangu?" Mburu alifoka uani.

Kagiri aliruka mlangoni. "Mzee, ngoja! Dakika mbili tu!"

Swichi ikalia ta. Redio zote za ploti zikanyamaza.

Mashine haikuwaka tena, hata Kagiri alipoiunganisha na betri ya gari ya jirani. Hakumwangalia Sella usoni. "Pole, mathe," alisema, akaifunga kwa leso yeye mwenyewe.

Ofisini Sarang'ombe, karani aliyeitwa Kavindu alikuwa akitafuna njugu. Aliigeuza mashine, akasoma namba ya mgongoni, akatia alama kwenye karatasi.

"Iko sawa. Mwingine!"

"Hamuangalii ndani?"

"Ndani kuna nini, mama? Namba imelingana. Jina la Joan liko. Enda nyumbani."

Akina mama waliokuwa nyuma walisukuma. Mmoja akaguna, "Si umeambiwa iko sawa?" Sella alichukua mashine, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni. Akarudi. Akaiweka juu ya ile karatasi, juu ya jina la mtoto wake.

"Madam, iwashe," alisema. "Shamba la Wanza limekufa kwa sababu ya ukaguzi huu. Nataka uiwashe."